Moa ya Hesabu na Moa ya Kisanduku

"Mtandao ukija alasiri," dada yangu aliniuliza, "mchana huwa wapi?"

Alikuwa amesimama kwenye dirisha la jiko la mama, kule kijijini kwetu Moa tulikokwenda kumsalimia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kisu cha kumenyea mihogo. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Nje kulikuwa na minazi, halafu mikoko, halafu maji, na mwanga wa saa ile ulikuwa umelegea kiasi kwamba hukujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Simu ya mama ilikuwa ndani ya kikapu kidogo cha ukili, kikining'inia kwenye msumari wa dirisha. Ilikuwa imelala asubuhi yote kama jiwe. Sasa ilikuwa ikilia kila baada ya muda, ujumbe juu ya ujumbe.

Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya mambo hayohayo ya mitandao. Nilikuwa na maneno mengi ya kulizunguka swali lile, lakini yeye alikuwa ameuliza kitu chepesi, kama mtu anayeuliza paka wa jirani hushinda wapi.

"Hauendi popote," nilisema mwishowe.

"Sasa asubuhi mbona haupo?"

"Upo, ila umedhoofu."

"Umedhoofu." Alilitafuna neno hilo. "Yaani unaumwa asubuhi, ikifika alasiri unapona?"

"Siyo hivyo."

"Basi sema hujui, nimenye mihogo yangu."

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza maswali. Kuulizwa sikukuzoea.

Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Mwanamke akiingia miezi ya mwisho, hata kama mumewe yuko mbali, hurejea kwa mama yake, hujifungulia huko, na hukaa mpaka arobaini ipite. Dada alikuwa ameolewa Tanga mjini. Alishawahi kubeba mimba nyingine kabla ya hii, nayo ilitoka mapema, kabla haijafikia wakati wa kurudishwa, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Alisema tu kwamba safari hii atakuwa kwa mama, na mtoto atafungua macho mahali penye upepo. Alilisema mara nyingi kiasi kwamba sote tuliliona limekwisha kuwa.

Daktari hakuliona hivyo. Alikuwa mzee mpole wa hospitali ya mjini, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Presha ya dada ilikuwa inapanda na kushuka, na habari za ile mimba iliyotoka alikuwa nazo.

"Shikamoo daktari," dada alimwambia, na kabla hata ya kuitikiwa akaongeza, "mimi nitakwenda kwa mama."

"Marahaba. Na mimi nitamsikilizaje mtoto? Nipande bodaboda kila siku mpaka Moa?"

Hapo dada akanigeukia mimi. Kila mtu chumbani akanigeukia mimi.

Mimi na mwenzangu niliyesoma naye tulikuwa tukitengeneza programu ya simu. Nesi wa zahanati anamwekea mama mjamzito kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, sauti inaingia kwenye simu, programu inaikata vipande vidogovidogo na kuvituma, na daktari aliye mbali anasikia palepale. Anaweza kusema, "Sogeza kushoto kidogo, shuka chini," na nesi anasogeza. Ndipo ulipokuwa ugumu wake. Sauti ikichelewa, nesi anakuwa ameshahamisha mkono kabla maneno ya daktari hayajafika, na wote wawili wanabaki wakitafutana.

"Ikifanya kazi," daktari alisema, "akae Moa. Lakini nimsikie mtoto kila siku, kwa masikio yangu haya. Siku nikikosa, siku moja tu, apande gari arudi mjini. Hatungoji kesho yake." Akanitazama. "Itafanya kazi, binti?"

"Tutaijaribu kwanza," nilisema.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Ngamiani, Tanga mjini, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Mchana kutwa mafundi wa chini walikuwa wakijaribu kengele, moja baada ya nyingine, hata tukaacha kuzisikia. Dirisha langu lilitazama upande wa nyuma, kwenye mapaa ya mabati na mnara mmoja mrefu wa simu uliokuwa na taa nyekundu kileleni. Nilizoea kuutazama nikiwaza, bila kuuwaza wenyewe, kama mtu anavyotazama ukuta.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa Maramba. Wazazi wake walikuja kufanya kazi mashambani kutoka bara wakabakia, na yeye alikulia kwenye kwaya ya Kilutheri. Kompyuta ikiwa inapiga mahesabu marefu, alikuwa akiimba sauti ya tatu peke yake, sehemu ya wimbo ambayo bila wenzake haina kichwa wala miguu.

Kuna njia mbili za kuijaribu programu kabla hujamkabidhi mtu, na sisi wawili tuligawana hizo njia kama watu wanaogawana timu za mpira. Yeye alikuwa wa simulesheni. Huko unaujenga mtandao mzima kwa hesabu ndani ya kompyuta: minara ni hesabu, simu ni hesabu, hata programu yako yenyewe inakuwa maelezo tu ya namna inavyotuma na kupokea. Hakuna sauti wala simu ya kushika mkononi. Muda pia si muda huu wetu. Siku nzima ya Moa, tangu alfajiri mpaka watu kulala, ilipita kwenye kompyuta yake huku mimi nikinywa kikombe kimoja cha kahawa na kipande cha kashata.

Mimi nilikuwa wa emulesheni. Humo programu ni ileile ya kweli na simu ni zilezile za kweli, ila katikati yake unaweka mashine inayojifanya kuwa ule mtandao wa mbali. Yetu ilikuwa kisanduku cheusi, kidogo kuliko msahafu wa mfukoni. Simu ya nesi iliongea nacho upande huu, simu ya daktari upande ule, na kila kipande cha sauti kilipita ndani yake. Nikikiambia kicheleweshe, kinachelewesha. Nikikiambia kipoteze, kinapoteza. Na hakiwezi kuharakisha lolote. Saa moja ya kujaribu ni saa moja ya maisha yako umekaa unasikiliza.

"Mimi naona pwani yote," alisema mwenzangu. "Wewe unachungulia tundu la ufunguo."

"Kwenye Moa yako programu yetu haimo, kaka. Yamo maelezo yake."

"Na kwenye kisanduku chako Moa haimo. Yamo maelezo yake."

Alikuwa amesema kweli, na ilinikera siku nzima.

"Wewe," aliniambia baadaye, "hata ukiambiwa leo Jumanne utataka kalenda mbili."

"Zikitofautiana?"

"Utataka ya tatu, uone nani mwongo."

Moa yake ya hesabu ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Aliipanga kwenye skrini kwa nukta za rangi: nyumba, zahanati, barabara ya kuelekea mpakani, minara. Nilipenda kukaa nyuma yake nitazame nukta zikitembea. Nukta moja niliamua ni mama. Ilikuwa ikitoka nyumbani kwenda kisimani na kurudi, na mara nyingine, kwa sababu ya bahati nasibu aliyoiweka kwenye hesabu, ilitembea mpaka ndani ya bahari ikasimama huko. Tulicheka. Lakini usiku ule niliota mama amesimama juu ya maji, amejifunga kanga zake mbili, akingoja mtu ambonyezee kitufe aendelee.

Ili hesabu zisimchukue siku nzima, alipunguza minara. Akaanza na ile ya mbali.

"Huu wa mjini tunautoa," alisema, akiugusa uleule wa dirishani kwangu kwenye ramani. "Kutoka hapa mpaka Moa mbali mno. Dunia yenyewe inajipinda hapo katikati."

"Utoe," nilisema. Sikubisha, nami nilibisha karibu kila kitu.

Kwa kisanduku changu nilihitaji sauti ya kupitisha. Dada akaniruhusu nitumie ya kwake. Nilimrekodi mtoto kliniki ya mjini: mapigo ya haraka, yanayokimbizana, kama cherehani ya fundi mwenye nguo nyingi za Idi. Kwa desturi yetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu, mimi ni mama yake mdogo. Basi kwa wiki kadhaa nilishinda nimevaa visikilizio, nikimsikiliza mwanangu ambaye hajazaliwa akipita kwenye Moa ambayo haipo.

Niliongeza ucheleweshaji, akaja polepole kutoka mbali. Nilichanganya vipande, moyo wake ukafika kinyumenyume, pigo la pili kabla ya la kwanza. Siku moja nilikiambia kisanduku kipoteze vipande vingi, na cherehani ile ikasimama. Nilijua ni pakiti zilizopotea. Nilikuwa nimeziamuru zipotee mimi mwenyewe, kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Hata hivyo nilisimama wima, kiti kikaanguka, na mwenzangu akaacha kuimba.

"Vipi?"

"Hamna kitu. Nimempoteza kidogo."

Lakini ni kweli kwamba kisanduku kilihitaji Moa ya kweli ndani yake, si ya kubuni. Nikachukua simu moja, nikaweka programu ndogo ya kupima mtandao kila dakika, nikaipeleka kwa mama. Nilimwambia asiifanyie kitu, akae nayo tu.

"Niiweke wapi?"

"Pale unapoweka ya kwako."

Akaitia kwenye kile kikapu cha dirishani. Kila nyumba Moa ina kikapu cha namna hiyo, au kopo, au mfuko uliofungwa kwenye nguzo ya baraza, upande wa maji. Ndipo mahali pa simu, kama palivyo mahali pa mtungi.

Niliporudishiwa simu, nilikuta vipimo vingi, na kati yake mapengo. Simu ikiwa imezimwa haipimi, na simu iliyozimwa haikuambii lolote juu ya mtandao. Basi nikayaondoa mapengo, nikaunganisha vipande, nikakimiminia kisanduku. Programu yetu ikapita humo kama maji. Sauti ilifika safi na kurudi safi. Ungesema nesi na daktari wamekaa kitanda kimoja. Na Moa ya hesabu ya mwenzangu, ikitumia minara ya karibu peke yake, nayo ikasema hivyohivyo: itawezekana, saa yoyote.

"Tumemaliza," alisema.

"Sijui."

"Habari njema wewe unaigeuzageuza kama samaki wa jana."

"Zimekubaliana mno," nilisema. "Kama mashahidi waliolala nyumba moja."

Kwa kweli sikuwa na hoja. Nilikuwa na lile swali la dada tu, lililokuwa likinitembelea saa za ajabu, nikipiga mswaki, nikivuka barabara. Kama mtandao wa Moa ulikuwa mzuri hivyo kwenye kisanduku changu, ile simu iliyolala kama jiwe asubuhi nzima ilikuwa Moa ipi? Nikapanda gari la asubuhi nikaenda.

Nilifika mama akiwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha. Nikaenda dirishani nikatazama kikapuni. Simu yake ilikuwa humo, imezimwa.

"Mama, mbona simu umeizima?"

"Iwake ya nini?"

"Na ile niliyokuletea? Ulikuwa unaizima?"

"Niliitunza kama yangu. Ulisema niiweke ninapoweka ya kwangu."

"Unazima kila siku?"

"We mtoto! Toka lini mtu wa Moa akapiga simu saa nne asubuhi? Mtandao haupo, simu inakula chaji bure. Nikisikia adhana ya alasiri nawasha, kama watu wote."

Nikakaa chini, mgongo ukutani. Mama aliendelea kukuna nazi. Yale mapengo hayakuwa mapengo. Yalikuwa asubuhi na mchana wa kijiji kizima, na mimi niliyakata nikayatupa, kisha nikashona alasiri na alasiri. Niliiona wazi Moa ile ya kisanduku, niliyokuwa nikiishi ndani yake kwa majuma: Moa ambayo kila saa ni alasiri. Kivuli cha mnazi kimelala upande mmoja tu. Adhana imekwisha hivi punde, siku zote imekwisha hivi punde. Hakuna anayeamka, hakuna anayelala, wali hauivi, na watu wamesimama madirishani milele wakiongea na watoto wao walio mbali. Palikuwa mahali pazuri. Ningeweza kukaa huko.

Nilikwenda zahanati palepale na simu mbili. Nesi, mwanamke mnene mcheshi aliyetuchanja sote utotoni, alinishika shavu kama vile bado nilikuwa darasa la pili. Kliniki ya wajawazito ilikuwa asubuhi. Zahanati yenyewe imejengwa upande wa barabara, imeyapa maji mgongo. Tulipojaribu kumpata daktari, duara likazunguka kwenye skrini, likazunguka, halafu sauti yake ikaja imechanwachanwa.

"Anasema nini?" nesi aliuliza.

"Anasema 'kushoto'."

"Amesema 'shoto'. Huyo anahitaji kutibiwa yeye kwanza."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeshamwona dada akifungua nguo alizokwisha kufungasha, abaki mjini kwenye dirisha linalotazama ukuta. Alasiri ilipofika, maongezi ya simu yakaanza kijijini, nyumba kwa nyumba. Nikasimama kwenye dirisha la jiko nikampigia dada kule mjini, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo alasiri inafanya kazi."

"Alasiri ndiyo."

"Si mtoto asikilizwe alasiri? Kwani asubuhi anakwenda wapi?"

Nesi alikuwa akiishi nyuma ya msikiti, na njia yake ya kurudi ilipita mlangoni kwa mama. Alikubali bila kufikiri, kwa sharti awekewe chai. Daktari ndiye aliyefikiri.

"Umelijaribu hilo?" aliniuliza.

"Daktari, kumbe alasiri ndiyo kitu pekee tulichokijaribu."

Alivaa miwani yake ili anitazame vizuri. "Na watu wote wakipiga simu saa hiyohiyo?"

Swali hilo kisanduku changu hakikuwa na la kulijibu. Kilikuwa na simu mbili tu, na kijiji kizima huwezi kukiweka mezani. Nikarudi kwa mwenzangu nikiwa nimenywea, naye akanipokea kwa furaha kubwa isiyofichika.

"Aa, tundu la ufunguo limetukumbuka wenye pwani!"

Aliwaweka watu wote wa Moa madirishani kwa wakati mmoja, akawaongeza ndugu zao, akaongeza Ijumaa na sikukuu. Tulitazama nukta zikijipanga kwenye mstari wa pwani. Watu wakishazidi, sauti yetu ilikuwa ikibanwa; lakini ikianza mara tu baada ya swala, kabla wanaume hawajafika majumbani kutoka msikitini, nafasi ilikuwepo. Hilo lisingejulikana kwa kisanduku. Nalo lile la simu kuzimwa lisingejulikana kwa hesabu. Sikumwambia. Yeye naye hakuniambia, ila alininunulia kashata.

Dada akaenda Moa. Kila alasiri nilikaa chumbani kwa daktari, kwenye kiti cha pembeni, tukingoja. Kwanza zilikuja sauti za jiko: sufuria, kuku, mama akimwambia mtu aondoke mlangoni. Kisha nesi, "Haya daktari, tupo." Kisha cherehani. Daktari alikuwa akifumba macho. "Panda kidogo. Hapohapo." Na mimi nilikuwa nikifumba macho pia, na chumba kile cha hospitali, chenye harufu ya spiriti na kalenda ya mwaka uliopita, kilijaa mwanga wa dirisha lile. Mara nyingine dada alikuwa akisema, "Mama mdogo, umesikia?" Nilisikia. Sijawahi kuamini kitu kirahisi namna ile, na iliniogopesha kidogo.

Kisha upepo wa kusi ukaanza. Mjini tuliujua kwa madirisha kugonga na vumbi kuacha kutulia. Alasiri moja daktari alikaa, mimi nikakaa, na duara likazunguka kwenye skrini. Tukajaribu tena. Hata sufuria hatukusikia. Nilimpigia mama, nikampigia nesi, nikaambiwa na yule mwanamke wa kwenye simu kwamba hawapatikani. Msikiti wa karibu ukamaliza swala, watu wakapita barabarani wakiongea, sauti zao zikaisha.

Daktari alivua miwani akaiacha ining'inie. "Tulikubaliana," alisema.

Sikuwa na njia ya kumwambia dada. Wala hakuhitaji kuambiwa. Ukimya ule ulikuwa umefika kwake kama ulivyofika kwetu, na sharti alilijua. Asubuhi yake nilimkuta kituoni akishuka kwenye gari la kwanza, taratibu, akishikilia mlango. Nyuma yake akashuka mama, na mkeka, na mbuzi ya nazi, na chetezo cha udi, na dumu la maji ya kisima cha kwetu.

"Mama, na wewe?"

"Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama," alisema, akinipa dumu nibebe. "Mama si mimi? Kwako pana nafasi?"

Dada hakucheka. Ndani ya nyumba yangu alizunguka chumba hadi chumba akitazama madirisha, akachagua la nyuma, kwa sababu kupitia hapo ilionekana mbingu kidogo. "Nilitaka asikie ile bahari," alisema, mara moja tu, na hakurudia. Mama alitandika mkeka chini ya dirisha hilo akawasha udi, na kwa siku chache chumba kile kilikuwa Moa nyingine, ya nne sijui ya tano. Kisha presha ikapanda ghafla, mchana kweupe, na kwa kuwa hospitali ilikuwa pua na mdomo, daktari alimwahi. Alizaliwa msichana. Analia kwa haraka vilevile alivyokuwa akipiga.

Nami nilibaki na swali ambalo simulesheni wala emulesheni haikulijibu: mtandao ule ulikwenda wapi? Minara ya karibu na Moa haikuharibika. Ilikuwa dhaifu asubuhi kama siku zote, na ikawa dhaifu alasiri pia. Nilikiuliza kisanduku, lakini kisanduku huigiza kilichotokea tu, sababu hakijui. Kwenye Moa ya hesabu kusi haikuwemo. Tukaendelea na kazi nyingine.

Mtoto alikuwa ameshaanza kwenda madrasa, na mwenzangu alikuwa ameajiriwa mbali, kwenye kazi ya kuangalia minara ya pwani nzima, aliponipigia simu siku moja bila hata salamu.

"Dada, unaukumbuka ule mnara tulioufuta?"

Alinieleza polepole, akirudia, kwa kuwa anajua ninavyobisha. Wakati wa kaskazi, nchi kavu ikishapata joto la mchana, hewa yake kavu hutambaa juu ya hewa yenye unyevu iliyolala baharini. Mawimbi ya simu, ambayo yangepaswa kupaa na kupotea mbinguni, hupindishwa pale hewa hizo mbili zinapokutana, yakateleza juu ya maji mpaka ufuko wa mbali. Kusi ikianza huzikoroga hewa hizo na njia hukatika. Simu zilizokuwa madirishani Moa hazikushika minara ya karibu alasiri. Zilishika ule mrefu wenye taa nyekundu, uliokuwa nyuma ya ofisi yetu Ngamiani, ambao mchana kutwa ulikuwa hapo dirishani kwangu.